Baka Lililofunikwa

Kila Jumapili mama alimkalisha binti yake katikati ya magoti, akamsuka. Mama alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Nywele zote alizivuta nyuma, isipokuwa rasta chache alizoziacha zining'inie juu ya jicho la kulia. Hapo palikuwa na baka la buluu iliyokolea, kutoka kwenye kope hadi shavuni. Hata weupe wa jicho ulikuwa na madoa ya kijivu. Binti alizaliwa nalo. Shuleni walimwita Wino.

"Mama, zinanizibia."

"Tulia. Nikizisogeza litaonekana."

Alipofika darasa la sita, jicho hilo likaanza kuona ukungu, na kichwa kikawa kinamgonga upande mmoja. Binti alidhani ni zile rasta, akanyamaza.

Siku moja wauguzi walikuja shuleni kupima macho.

"Wino, leo watakufuta kwa raba!" mvulana mmoja akamtania. Mstari mzima ukaangua kicheko.

Zamu yake ilipofika, aliambiwa azibe jicho la kushoto kwa kiganja. Ubaoni hakuona hata herufi moja. Wenzake walikuwa wanamtazama. Akaachanisha vidole kidogo, akachungulia, akasoma zote bila kukosea.

"Macho yako mazima kabisa," muuguzi akasema.

Miezi ikapita. Jioni moja alikuwa akimsaidia mama kumimina maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta. Maji yakapita kando ya beseni, yakamwagikia mteja mguuni.

"Mama wee! Huyu mtoto haoni?"

Mama aliomba radhi, akaumwagia mguu maji baridi. Kisha akamshika binti kidevu, akasogeza zile rasta, akaliziba jicho la kushoto kwa mkono wake mwenyewe.

"Vidole vingapi hivi?"

Binti akalikodoa jicho la kulia.

"Vingapi, mwanangu?"

"Hata mkono siuoni, mama."

Kesho yake daktari wa macho alimpima kwa muda mrefu.

"Presha ndani ya jicho ilipanda zamani, ikaharibu mshipa wa kuonea. La kushoto ni zima. Hili la kulia, dawa italinda mwanga kidogo uliobaki. Uliopotea haurudi."

"Lakini ni baka la kuzaliwa tu, daktari!"

"Mabaka mengi hayana neno. Ila la namna hii likigusa jicho, jicho lipimwe kila mwaka. Hamkuwahi kuja?"

Mama akainamisha kichwa. "Nilikuwa nalificha, asichekwe."

"Na shuleni hawakukupima?"

"Walinipima," binti akajibu kwa sauti ndogo. "Nilichungulia, wasinicheke."

Daktari hakumgombeza. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Kile kicheko kingekwisha kabla ya kengele ya mapumziko, binti yangu. Jicho hili utakuwa nalo hivi maisha yako yote. Ukiona mwili una tatizo, sema, hata kama watu wanacheka. Nawe mama, alama ya mtoto usiifunike. Ilete tuione."

Akampa mama kichupa cha dawa. Mama akakiinamisha juu ya jicho, na tone la kwanza likaangukia shavuni.

"Nisamehe, mwanangu."

"Na mimi unisamehe," binti akasema, akiinua uso. "Jaribu tena."