Rufaa ya Brashi

Msusi alikuwa na kasoro moja kazini. Akimuwaza mumewe, mkono wake ulivuta nywele kwa nguvu.

"Dada, hicho ni kichwa changu," mteja alisema asubuhi hiyo. "Bado nakihitaji."

"Samahani. Mawazo yalikuwa mbali."

"Wapi?"

"Gerezani."

Mteja alitaka kugeuka. Msusi akamrudisha kichwa mahali pake. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, wa pili umesimama kama ufagio. Asingeweza kwenda popote, kwa hiyo msusi akamsimulia.

Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Mtaa mzima ulimwita Brashi. Mwaka juzi, mwizi aliingia duka la vitambaa, akamsukuma mwenye duka, akabeba alichoweza na kukimbia. Mwenye duka alisema mwizi alivaa nguo zenye madoa ya rangi. Polisi wakamkamata Brashi. Wakafanya gwaride la utambulisho, yaani watu hupangwa mstari ili shahidi amwonyeshe aliyemwona. Mwenye duka akamwonyesha Brashi. Ushahidi mwingine haukuwapo. Brashi hakuwa na wakili. Akafungwa.

"Mlikata rufaa?" mteja aliuliza.

"Kwa wakili gani? Tena tuliambiwa muda umepita. Mama mkwe wangu anasema hakimu akishasema, imekwisha."

"Haijakwisha. Mimi ni wakili. Siku moja kila wiki, mimi na wenzangu tunajitolea kuwatetea wafungwa waliohukumiwa kimakosa. Hatudai malipo. Kama muda umepita, tunaiomba mahakama ikubali rufaa iliyochelewa, tunaeleza sababu. Sikuahidi ushindi. Nakuahidi tutaisoma kesi yote."

Mkono wa msusi ulivuta tena. Safari hii wakili hakulalamika.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa anakata vitunguu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wakili wa bure," alisema. "Huyo kuna mahali alifukuzwa."

"Mama, twende tumsikilize tu."

"Nenda wewe. Mimi nina vitunguu."

Lakini siku ya miadi ilipofika, mama mkwe ndiye aliyetangulia mlangoni, amevaa viatu vyake vizuri. Msusi hakushangaa. Alimjua mama mkwe wake.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kutoa fotokopi. Feni ilizunguka kwa uvivu. Wakili aliuliza maswali mengi, mengine madogo kabisa.

"Siku ya gwaride, Brashi alivaa nini?"

"Ovaroli yake ya kazi," msusi alijibu. "Nilimpelekea mimi."

"Kwa nini?"

"Walimkamata na fulana ya kulalia, ina matundu. Nikaona aibu. Nikasema nimpelekee ovaroli, waone ni mtu wa kazi, si mhuni. Imejaa rangi mpaka kwenye kola."

Wakili aliweka kalamu chini.

"Na wenzake kwenye mstari?"

"Aliniambia walivaa mashati masafi. Alifurahi, maskini. Alidhani yeye peke yake ndiye aliyeonekana mchapakazi."

Shahidi alikuwa akimtafuta mwizi mwenye madoa ya rangi, na mwenye rangi mstarini alikuwa mmoja tu. Msusi alilielewa jambo hilo kinywa kikiwa bado wazi.

"Nimemfunga mwenyewe mume wangu," alisema.

"Acha upuuzi, mwanangu," mama mkwe alisema, akamshika mkono. "Ningekuwa mimi, ningempelekea na ngazi."

"Kosa si lako," wakili alisema. "Ni kazi ya polisi kuhakikisha watu wa gwaride wanafanana, hata mavazi. Mlimwambia hakimu habari hii?"

"Nani alituuliza?" msusi alisema.

"Brashi alikuwa na haki ya kumuuliza shahidi maswali. Hakujua, na hakuwa na wa kumwambia. Ndiyo maana tupo."

Msusi alisimama. "Naenda kwa mwenye duka sasa hivi."

"Keti. Ukienda wewe, watasema umemtisha shahidi, na rufaa itaharibika. Tutakwenda sisi."

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Duka lilikuwa njiani kwake. Kila siku alilipita akiangalia upande wa pili wa barabara, ameuma meno.

Mawakili walikwenda. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. "Sura sikuiona sawasawa," aliwaambia. "Niliona nguo. Kwenye gwaride nikaziona tena." Alikubali kuyarudia maneno hayo kwa kiapo.

Mahakama ilikubali rufaa iliyochelewa. Miezi ikapita. Msusi alikwenda gerezani kila siku ya kutembelea wafungwa.

"Usitumaini sana, mke wangu," Brashi alimwambia kupitia wavu. "Utaumia."

"Nitatumaini ninavyotaka. Wewe kula ushibe, umekonda, nitakukataa ukitoka."

Brashi akacheka. Alikuwa hajacheka tangu afungwe.

Hatimaye jaji alisoma uamuzi. Alisema gwaride lile halikuwa la haki, na bila gwaride hakuna ushahidi. Hukumu imefutwa. Mfungwa aachiliwe.

"Amesema nini?" mama mkwe alinong'ona.

"Amesema anakuja nyumbani, mama."

Msusi alitaka kumsuka wakili bure maisha yake yote. Wakili alikataa, akalipa kama wengine. "Ukitaka kutushukuru," alisema, "waambie watu kwamba tupo."

Basi anawaambia. Kila anayeketi kwenye kiti chake huulizwa kama ana ndugu gerezani, na kama ndugu huyo alikuwa na wakili. Hakuna anayekwepa swali kichwa kikiwa mikononi mwake. Tayari amewapeleka wawili kwenye kile chumba juu ya duka la fotokopi.

Asubuhi ya kwanza Brashi akiwa nyumbani, kabla jua halijatoka, msusi aliamka akaona kitanda ni kitupu upande mmoja. Mumewe alikuwa amesimama wima kando ya ukuta, mikono nyuma.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasubiri kuhesabiwa," Brashi alisema taratibu. "Imeshakuwa mazoea."

Msusi akamnyooshea kidole.

"Mmoja," alisema. "Ametimia. Rudi ulale."