Dawa ya Melini

Wewe msomaji, umewahi kumwona mtu akifua kanga ileile mara tatu asubuhi moja? Martha alimwona mkwe wake, Hilda, akifanya hivyo, akajua kuna jambo.

Ilikuwa Jumatano, huko Marangu. Martha alikuwa ameshakata majani ya ng'ombe na kumenya ndizi za mchana. Mwanawe, Jackson, alikuwa mlimani akiwabebea wageni mizigo. Wajukuu watatu walikuwa shuleni. Wa nne, Violet, wa miezi minane, alikuwa mgongoni kwa bibi yake akivuta kilemba.

"Mama Aikaeli," Martha akamwita kwa jina la mtoto wake mkubwa, "hiyo kanga ina nini?"

"Matope, mama."

"Matope mekundu hivyo? Na mvua haijanyesha wiki mbili?"

Hilda akatabasamu, kisha akashika ukuta. Midomo yake ilikuwa imepauka. Martha akamgusa shingo. Ilikuwa inachoma.

Akamkalisha kwenye kigoda, wala hakupandisha sauti. Hilda akalia, akasema yote. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. Kwenye simu alisoma habari za meli yenye madaktari, inayotia nanga mbali baharini. Huwasaidia wanawake ambao kwao sheria inakataza kutoa mimba. Akauliza-uliza. Mwanamke mmoja sokoni Holili akamwambia, "Safari ya nini? Dawa ya melini ninayo." Akampa vidonge vitano ndani ya kipande cha gazeti. Jumamosi, Jackson alipoondoka, Hilda akavimeza vyote. Damu haijakatika tangu siku hiyo.

"Twende hospitali," Martha akasema.

"Watanifunga, mama! Watoto nitawaacha na nani?"

Martha akateleka sufuria achemshe mizizi ya dawa, kisha akaona haitatosha. Akamwita jirani yao Salvina, mhudumu wa afya wa kijiji.

Salvina akaja mbio, mikono ina unga. Martha akamweleza yote, naye akamgeukia Hilda.

"Saa hii moja umelowesha vitambaa vingapi?"

"Viwili."

"Na saa iliyopita?"

"Viwili pia."

"Kuna harufu mbaya?"

Hilda akainamisha kichwa, akaitikia.

"Basi hatukai hapa. Bibi, epua hiyo sufuria. Hanywi mizizi, wala haingizi kitu chochote chini."

"Na polisi?" Hilda akanong'ona.

Salvina akachutama mbele yake. "Nisikilize, mdogo wangu. Sheria yetu inakataza kutoa mimba, isipokuwa kuokoa uhai wa mama. Lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika hakukatazwi. Iwe imetoka yenyewe, iwe imetolewa, anatibiwa. Kazi ya muuguzi ni kuzuia damu. Mwambie ulimeza nini na lini, apate kukutibu sawasawa."

"Na hiyo meli," Martha akauliza, "ni uongo?"

"Meli za namna hiyo zimewahi kuwapo, bibi. Zinakwenda mbali baharini, kule sheria ya nchi kavu isikofika. Madaktari wanampima mwanamke kwanza. Sijasikia imefika pwani yetu. Na dawa yake haiuzwi sokoni kwenye gazeti! Hivyo vidonge, nani anajua? Labda ni vya kuku."

Hilda, pamoja na maumivu yake, akacheka. "Vya kuku, dada?"

"Utaanza kutaga. Haya, simama. Nishike."

Kwenye kituo cha afya wakampokea. Wakamtundikia maji, wakamsafisha kizazi, wakampa dawa za kuua vijidudu. Hakuna aliyemkemea. Muuguzi akasema, "Umewahi. Ungengoja kesho, ningekuwa naongea na mama mkwe peke yake."

Kabla Hilda hajatoka, muuguzi akamweleza kwamba mimba inaweza kuingia tena ndani ya wiki mbili. Akamwonyesha njia za uzazi wa mpango, moja baada ya nyingine. Hilda akachagua kipandikizi. Akawekewa mkononi siku hiyohiyo.

Nyumbani Martha akampikia mtori mzito wenye nyama, kama anavyopikiwa mzazi. Jirani mmoja akachungulia. "Mkweo amejifungua?"

"Anapona," Martha akajibu, akaendelea kuponda ndizi.

Ijumaa homa ikaisha. Jumamosi Jackson akarudi, pua imebabuka kwa baridi. Hilda akamweleza mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Jackson alikuwa anavua buti. Akabaki ameishika kamba.

"Kwa nini hukuniambia una mimba?"

"Niliogopa."

"Kwamba nitakupiga? Mimi?"

"Kwamba utafurahi."

Jackson akaliweka buti chini polepole. Martha alitaka kumsemea mkwe wake. Badala yake akampakata Violet.

"Sasa niko hapa," Jackson akasema. "Niambie, mke wangu. Ulikuwa unataka nini?"

Hilda akamtazama machoni.

"Nilitaka hawa wanne watoshe."