Kabati la Nyuma ya Kioo

"Rusty, toa ulichoficha kabla sijakuvunja mkono!"

"Kaka, nina sigara tu. Nipekue!"

Dustin alikuwa amemkaba mdogo wake jikoni, maharage yanaungua, hakuna anayejali. Chumbani bibi yao, Opal, analia. Saratani ilishaingia kwenye mifupa, na dawa aliyomeza asubuhi ilikuwa kama kameza chaki. Mtu alitoa vidonge vyake vya maumivu kwenye kichupa, akaweka vya kawaida vya kichwa.

Kwenye milima ile ya Kentucky, dawa zikipotea hatafutwi mwizi. Anashikwa aliyewahi kufungwa. Na Rusty alishafungwa kwa vidonge hivyohivyo.

Tessa, mchumba wa Dustin, alisimama mlangoni na kitana mkononi, nywele za bibi hajazimaliza. Kila Jumamosi alimwosha bibi nywele, akamtengenezea mawimbi ya kuendea kanisani. Wanawake wa kanisani walisema Dustin kaokota lulu. Lulu yenyewe, bibi akiinamia sinki, ilikwenda bafuni eti kuleta taulo. Na bafuni, nyuma ya kioo, ndiko kabati la dawa lilipo.

Ilianza na jino tu. Aling'olewa magego, daktari akamwandikia vidonge. Fizi zilipona, hamu ikabaki. Wazazi wenzangu, pesa tunazifungia, dawa tunaziacha wazi!

"Shemeji, mwambie huyu," Rusty alisihi. "Unajua nimeacha."

Tessa akatazama sakafu.

"Usimwingize Tessa! Yeye anamwosha bibi, wewe unamwibia. Nampigia sherifu sasa hivi, urudi ulikotoka!"

Simu ya Tessa ikatetemeka. Ujumbe ulitoka chumbani kwa bibi:

"Najua ni wewe, binti yangu. Mlango wa kabati unalia, na masikio yangu mazima. Nilinyamaza nisimkoseshe Dustin mke. Ila Rusty naye ni mjukuu wangu."

Tessa alitamani sakafu immeze.

"Mwachie, Dustin. Ni mimi."

Dustin akacheka. "Acha kumtetea huyu."

Tessa akamwaga mkoba wa vibana vya nywele mezani. Katikati ya vibana vikadondoka vidonge vyeupe. Kicheko kikakatika.

"Jumamosi iliyopita ulimbusu bibi kwenye paji la uso."

"Ndiyo."

"Navyo vikiwa humo?"

"Vikiwa humo."

Rusty hakungoja wamalizane. Alivilinganisha na picha ya kwenye kichupa, akachukua kimoja na maji, akakimbilia chumbani. Aliporudi alimwambia Tessa polepole, "Jumatatu nitakupeleka nilikotibiwa mimi. Utatapika, utatukana watu. Wamezoea."

Huyo ndiye ambaye Tessa alimwacha akabwe koo. Tessa alilia mpaka kwikwi. Akavua pete, akaiweka mezani. Dustin hakuichukua, wala hakumrudishia.

"Kaka, samahani ya kwangu iko wapi?" Rusty aliuliza.

Dustin akamshika bega.

Baadaye, maumivu yalipolegea, sauti ya bibi ikasikika: "Nywele zangu zinakauka kama ufagio! Hakuna mtu nyumba hii?"

Tessa hakuthubutu kusogea.

"Nenda kamalizie," Dustin alisema bila kumtazama. "Mkoba uache hapa."

Tessa akainuka, akageukia bafuni kwa mazoea.

"Tessa."

Akasimama.

"Taulo nitaleta mimi."