Siku Tisa Bila Kupanda Banioni

Kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alipanda hadi kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingia katika mfereji wa kijiji. Mwalimu Gladness alikuwa amesimika hapo ubao wenye alama za sentimita. Mwanafunzi alisoma kina cha maji na kukiandika daftarini. Namba hizo zilitumwa kwa watafiti mjini Moshi waliokuwa wakichunguza mito ya mlimani. Kamati ya mfereji nayo ilizitumia kupanga zamu za kumwagilia mashamba.

Agosti ilikuwa zamu ya Zita. Siku tatu za kwanza alipanda. Siku ya nne baridi ilimzidi, akabaki jikoni akiota moto. Kwa kuwa jana yake maji yalikuwa thelathini na mbili, akaandika thelathini na moja. Hakuna aliyegundua. Akaendelea hivyo siku tisa.

Jumapili, baada ya misa, aliwakuta watu wamekusanyika nje ya kanisa. Mashamba ya chini hayakuwa yakipata maji, na maharage yalikuwa yamenyauka. Mzee Elisaria, mwenyekiti wa kamati, alifungua daftari la vipimo akasema kuwa banioni maji yalikuwa tele, hivyo kuna mtu wa mashamba ya katikati anayeyachepusha. Macho yakamgeukia Mzee Thadeus, ambaye migomba yake ilikuwa bado ya kijani. Mzee Thadeus alieleza kwamba aliimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Hawakumwamini. Waliamua kumnyima zamu ya maji mwezi mzima.

"Namba hizi zimeandikwa na watoto," alisema Mzee Elisaria. "Mtoto ana sababu gani ya kudanganya?"

Zita alijua namba hizo ni zake. Mzee Thadeus alipompita, alifungua mdomo amwamkie, lakini sauti haikutoka. Mzee akadhani ameamkiwa.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia taratibu.

Mchana huo Zita hakuweza kula. Alipanda banioni, akakuta maji yako kwenye kumi na nne. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Gladness, akamweleza yote huku akilia. Mwalimu hakumgombeza. Alimuuliza tu ni siku zipi, kisha kesho yake akampeleka mbele ya kamati.

"Sikupanda," Zita alisema, macho chini. "Namba nilizitunga. Mzee Thadeus hakuiba maji."

Mzee Thadeus naye alikuwa ameitwa. Akasema, "Niliaibishwa mbele ya kanisa zima. Ukaseme huko huko."

Jumapili iliyofuata Zita alisimama pale pale, mama yake akiwa miongoni mwa waliomsikiliza, akarudia maneno yale. Mzee Thadeus alirudishiwa zamu yake, na kamati ikapunguza saa za kumwagilia kila shamba ili maji yafike chini. Baadhi ya maharage hayakupona.

Darasani, Mwalimu Gladness alifuta zile siku tisa. Zita akauliza aandike nini mahali pake.

"Usiandike kitu," mwalimu alijibu. "Nafasi tupu inasema hatujui, na huo ni ukweli. Ukikosea kusoma, tutapima tena. Lakini ukitunga, watu watahukumiwa kwa jambo ambalo halikutokea. Anayepima kwa niaba ya wengine amebeba imani yao."

Kisha akamrudishia daftari. Zita hakuweza kumtazama usoni, lakini alilipokea kwa mikono miwili.