Aliyepanda Nyuma

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipoondoka kwenda kumchukua mke wangu darajani. Alikuwa amekufa wiki tatu kabla ya hapo.

Naeleza kama ilivyokuwa. Sina nguvu ya kupamba.

Mimi ni fundi wa springi hapa Msinga. Barabara zetu ni mawe matupu, kwa hiyo kazi haikosekani. Pikapu yangu mwenyewe nilikuwa nimeiongezea bapa mbili za chuma kwenye springi za nyuma, kila upande, ili ibebe saruji na mbuzi bila kulala. Ilibeba kweli. Lakini ikiwa tupu ilirusha watu kama bisi kwenye sufuria.

MaSokhela, mke wangu, aliumwa figo. Hakuweza kukaa mbele, kwa hiyo kila safari ya hospitali alilala nyuma kwenye godoro.

"Mchunu, gari lako linanipiga," aliniambia. "Lilegeze kidogo."

Nikasema Jumamosi. Jumamosi tano zikapita. Safari iliyofuata alifia hukohuko nyuma, pale darajani, na mimi niko kwenye usukani nayatukana mashimo.

Baada ya mazishi ndipo nikaingia chini ya gari. Nikatoa zile bapa. Zilizobaki nikazisugua kutu na kuzipaka grisi. Nikafunga shokapu mpya na bushi mpya za raba, nikapunguza na upepo wa matairi. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na sikuhisi kitu. Mwishoni nikapima kama ninavyopima siku zote, kwa vidole, kati ya ekseli na raba iliyo juu yake. Gari tupu, vidole vinne.

Kwetu mtu akifia njiani, roho yake hubaki palepale mpaka ndugu waifuate na tawi la mkunazi mwitu. Anayebeba tawi husema na marehemu tu. Humwambia sasa tunaondoka, sasa tunavuka mto, sasa tunakata kona. Hamwitikii mtu mwingine yeyote, hata mama yake mzazi. Akimwitikia, amemkaribisha.

Aliyeendesha siku ile ni Falakhe, kaka wa marehemu. Pale darajani nikaligusisha tawi chini, mahali penyewe.

"MaSokhela, ni mimi. Twende nyumbani. Gari nimelilegeza."

Nikalilaza tawi juu ya godoro.

Gari likashuka.

Taratibu... kama mtu anayekaa kwa kuogopa maumivu. Nikainama, nikapima. Vidole vitatu. Tawi lenyewe halikuzidi uzito wa ufagio. Sikuogopa. Niliona afadhali, na hiyo ndiyo hisia ya kwanza niliyoipata tangu tumzike.

Nikapanda nyuma, nikaketi karibu yake.

"Tunavuka mto, MaSokhela. Sasa tunapanda mlima. Hapa pana mashimo, jishikilie."

Mashimo yakapita chini yetu kama hayapo. Halikumrusha hata mara moja.

Katikati ya mlima injini ikachemka. Falakhe akachukua dumu, akashuka bondeni kutafuta maji. Nikabaki na tawi. Hakukuwa na upepo. Ikaja harufu ya tope la mtoni, na mvua hatujaiona miezi mitatu.

"Habari za jioni, baba."

Mwanamume alikuwa amesimama kando ya gurudumu la kushoto. Koti refu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Sikusikia hatua zake.

Nikanyamaza.

"Naomba lifti, baba. Nimetembea mno."

Nikaangalia majani ya mkunazi.

"Haya. Una mgonjwa, naona." Akazunguka nyuma ya gari, akachutama, akachungulia chini. Akacheka kidogo puani. "Nani kakufungia springi hizi? Kakuharibia. Upande wa kushoto umelala."

Meno yaliniuma kwa kuyabana.

"Masikini mama wa watu," akanong'ona. "Anabiringika tu humo."

"Haujalala!" nikasema. "Nimepima mwenyewe!"

Akainua uso. Alikuwa anatabasamu.

"Ahsante sana, baba."

Gari likashuka tena.

Nilipotazama tena, barabarani hapakuwa na mtu. Falakhe alirudi na dumu lake anahema. "Shemeji, ulikuwa unagombana na nani?" Nikamwonyesha tawi kwa kidevu, yaani na dada yako. Huo ulikuwa uongo. Alipokuwa akimimina maji nikateremka kupima. Vidole viwili.

Tulifika nyumbani giza limeshaingia. Mama yangu alikuwa langoni. Nikalichukua tawi hadi nyumba kubwa, nikalilaza kando ya ukuta wa ndani, mahali pa wazee wetu waliotangulia. "Tumefika, MaSokhela. Ingia upumzike." Kisha nikarudi kwenye gari na kuingiza mkono chini.

Vitatu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Wamepanda wawili, Mama," nikamnong'oneza. "Kashuka mmoja."

"Ulimwitikia nani?"

"Mtu aliyesema springi yangu imelala."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi. "Wewe! Mkeo alikuwa akikuuliza kitu unanuna siku nzima. Leo kaja mpita njia kukusema springi, ndiyo umepata mdomo?"

Nikamshika mkono nimwinue, akaukataa.

"Na aliyeshuka ni nani?"

"Sijui."

Na kweli sikujua. Ningemfuata aliyebaki garini kwa tawi lingine, huenda ningemwingiza yule mtu ndani alimo mke wangu. Ningemfukuza aliyemo ndani, huenda ningemfukuza mke wangu, baada ya kumwacha darajani wiki tatu nzima. Nililala bila usingizi, nikaamka, nikala uji. Ulikuwa hauna ladha.

Siku ya tatu Mama akaamua. "Aliyeshuka nyumbani ndiye wa nyumbani. Mgeni hawezi kuujua mlango wetu. Gari liondoke." Yalikuwa maneno ya akili, nami nilitaka sana kuyaamini. Akamwita Falakhe alipeleke mbali, likauzwe huko.

Falakhe alikuja saa nne asubuhi. Mama alikuwa shambani. Nikamkabidhi funguo, nikasimama langoni nikilitazama gari linavyoteleza juu ya mawe, laini, bila kelele.

Kwetu aliyepanda nyuma akitaka kushuka hulipiga paa kwa kiganja.

Paa likapigwa. Mara mbili, polepole... kwa adabu.

Halafu likapigwa tena. Haraka haraka, mfululizo, kwa viganja vyote viwili.

Falakhe hakusimama. Baadaye aliniapia kwamba hakusikia chochote. Mimi nilitaka kukimbia na kumwita, lakini nikabaki nimelishika lango. Gari likakata kona na mlio ukapotea.

Ndipo nyuma yangu, ndani ya nyumba kubwa ambamo hamkuwa na mtu, mkeka ukakwaruza sakafu. Kuna mtu alikuwa anajitandikia.