Kisa cha Dada Dilmaya

Kila siku baada ya shule, Smarika alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, juu ya duka la masufuria, akiwa bado na sare yake. Mji wa Butwal ulikuwa umeiva kwa joto. Aliwamiminia wanafunzi chai ya maziwa katika glasi ndogo, kisha akaketi kwenye kiti cha mjomba wake na kugeuka mzungu wa kuwahoji.

"Mzungu wetu kaja na soksi zimeteremka," alitania Khimraj.

"Wewe jibu maswali, soksi niachie mwenyewe," Smarika alisema, akipiga miayo.

Mjomba Tilakram alikuwa wakala. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia vijana wa Nepal nafasi katika vyuo vya nje. Kabla chuo hakijampokea mtu, kilimhoji kwa Kiingereza kupitia kompyuta, kwa hiyo vijana walifanya mazoezi kwanza. Smarika alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alisema Kiingereza vizuri kuliko wengi wao. Ndiyo maana mjomba alimpa kiti chake. Kazi hiyo ilimchosha. Maswali yalikuwa yale yale, majibu yale yale, na kazi ya shule ilimngoja nyumbani.

Katika wanafunzi wote, alimpenda zaidi Dilmaya, msichana mpole kutoka milima ya Gulmi. Alfajiri Dilmaya alikanda unga katika duka la mikate, mchana akaja kujifunza. Jioni moja, wakiwa wanaosha glasi pamoja, Smarika alimuuliza kwa nini anataka kuwa muuguzi.

"Baba yangu alianguka mtini," Dilmaya alisema. "Alikuwa anakata majani ya kumlisha nyati wetu wa maziwa. Walimbeba katika kapu la mgongoni hadi zahanati. Tulipofika, hapakuwa na muuguzi. Alikuwepo mlinzi tu, na funguo zake."

Alisema hivyo kisha akaendelea kuosha glasi. Smarika alizipokea moja moja, akazikausha.

Siku chache baadaye, Khimraj alikwama katika mazoezi. Kila alipoulizwa kwa nini amechagua uuguzi, alikuna kichwa na kusema, "Kwa sababu... ni kazi nzuri."

"Kaka Khimraj, hilo si jibu!"

"Basi nipe jibu wewe, mzungu. Mahojiano yangu ni kesho."

Smarika alikuwa amechoka. Kichwa kilimuuma na alitaka kwenda nyumbani. "Sema babu yako alianguka mtini akikata majani," alimwambia. "Zahanati haikuwa na muuguzi." Alibadilisha baba kuwa babu, akaona amefanya jambo dogo tu.

Khimraj alipata nafasi katika chuo kimoja cha Australia. Alirudi na shada la maua ya manjano shingoni na tika, alama nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso, akapigwa picha na mjomba. Wenzake wakamzunguka. "Ulisema nini?" Akawaambia. Wiki hiyo na iliyofuata, wengine watatu nao walihojiwa na chuo hicho hicho, na babu wa kila mmoja akaanguka mtini.

Zamu ya Dilmaya ilichelewa kwa sababu alirudia mtihani wa Kiingereza. Siku ilipofika, aliketi mbele ya kompyuta ofisini, nywele zimesukwa vizuri, ingawa macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Smarika alisimama pembeni na glasi ya maji. Bibi Coombes, mhojaji wa chuo hicho cha Australia, alimsikiliza kwa muda mfupi, kisha akainua mkono.

"Samahani, binti," alisema. "Hadi juzi alikuwa babu. Leo ni baba. Huyu ni mtu wa tano kuanguka kutoka mti huo huo. Sitaendelea na mahojiano haya."

Kioo kikawa cheusi.

Dilmaya alibaki ameketi. "Lakini ni kweli," alisema taratibu, kama mtu anayejisemea. Kisha akamgeukia Smarika, na Smarika akatazama sakafu. Hapo Dilmaya akaelewa. Akachukua mkoba wake.

"Ungeniomba koti langu ningekupa," alisema. "Ungeniomba chakula changu ningekupa. Kisa cha baba yangu hukuniomba." Akashuka ngazi bila haraka.

Mjomba Tilakram aliingia akijifuta jasho shingoni. "Mbona ameondoka? Kumetokea nini?"

Smarika angeweza kusema kwamba mtandao umekatika. Ulikatika mara nyingi, na mjomba angeamini. Lakini maneno ya Dilmaya yalikuwa bado yanamchoma. Akasema yote: Dilmaya alimsimulia nini, yeye alimpa Khimraj nini, na Bibi Coombes amesema nini.

Mjomba aliketi. Feni ilizunguka juu yao.

"Mjomba, nipige," Smarika alisema.

"Nikupigie nini, mpwa wangu? Nami nilisikia. Babu alipoanguka mara ya pili, nilikuwa pale mlangoni. Nikajiambia, acha tu, nafasi zinapatikana." Alinyoosha kidole kwenye karatasi yenye fremu, iliyotundikwa ukutani nyuma ya kiti. "Yale ni masharti ya ubora kwa mawakala. Wakala asimtungie mwanafunzi majibu. Niliyasaini mwenyewe, nikayatundika, nikayapa mgongo. Halafu nikamkalisha mtoto aliyechoka kwenye kiti cha kazi yangu."

"Sasa Dada Dilmaya?"

"Nikikiambia chuo ukweli, huenda wakatufutia uwakala. Nisipokiambia, Dilmaya ataonekana mwongo, ilhali ndiye peke yake aliyesema kweli." Alivuta pumzi, akaivuta kompyuta karibu. "Kaa hapa. Tutaandika sote wawili."

Waliandika hadi chai ikapoa. Mjomba aliomba Khimraj na wenzake watatu wahojiwe upya, na Dilmaya asikilizwe. Kisha Smarika akaenda hadi duka la mikate kuomba msamaha. Dilmaya alimsikiliza huku akifagia unga. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Sawa. Nitakuja wakiniita."

Walimwita baada ya wiki moja. Safari hii Bibi Coombes alisema, "Nieleze siku ile, kama ulivyoiona wewe."

"Nilikuwa mdogo," Dilmaya alijibu. Kiingereza chake kilikuwa na makosa, lakini hakusita. "Mguu wa baba ulitoka nje ya kapu. Nilitembea nyuma, nimeushika, usining'inie. Kila nilipojikwaa, alilia. Baba hakuwa mtu wa kulia. Zahanati ilikuwa imefungwa, na mlinzi alikuwa na funguo, lakini hakujua la kufanya. Mimi pia sikujua. Nataka siku nyingine niwe najua."

Bibi Coombes alivua miwani. Aliuliza maswali mengine machache, ya kawaida, kisha akasema, "Nafasi yako ipo, Dilmaya. Pole kwa nilivyokukatiza."

Wale wanne nao walihojiwa tena. Khimraj alisema ukweli wake: dada yake ni muuguzi, anamwonea fahari, na yeye haogopi damu. Akabaki na nafasi yake. Mmoja alikiri kwamba hapendi uuguzi kabisa, anachotaka ni upishi, ikabidi mjomba aanze kumtafutia chuo kingine. Chuo kilimzuia mjomba kuleta wanafunzi wapya hadi ofisi yake ikaguliwe. Ofisi ikawa tulivu, na uso wa mjomba ukazidi kuchoka.

Siku Dilmaya alipokuja kuaga, alimshika Smarika bega kidogo kabla ya kushuka ngazi. Smarika alisimama dirishani akimtazama mpaka alipopotea katikati ya watu.

"Mjomba," alisema, "nilitaka tu kumsaidia Kaka Khimraj."

"Najua. Ulikuwa umechoka, na uongo ulikuwa karibu kuliko kazi." Mjomba akasogea, akasimama naye dirishani. "Msaada wa kweli ungekuwa kukaa na Khimraj na kumuuliza tena na tena, mpaka aseme lake. Ungekuchelewesha, lakini usingemuumiza mtu. Sisi tulidhani uongo mdogo hauna mwenyewe. Kumbe Dilmaya ndiye aliyekuwa anaulipia, naye hakuwa na habari. Siku nyingine ukichoka, niambie, 'Mjomba, nimechoka.' Nitakurudisha nyumbani ukapumzike. Hilo halimgharimu mtu chochote."

"Mjomba," Smarika alisema, "nimechoka."

Mjomba Tilakram akazima feni, akachukua funguo, wakashuka pamoja.