Bango la Akiba

Mtoro alipofungua karakana asubuhi, mkono wa kibarua aliyechorwa kwenye bango la ukutani ulikuwa mtupu. Jana ulikuwa umeshika sarafu juu ya kisanduku cha akiba. Leo vidole vimeachana, na kisanduku kimefungwa.

Bango lenyewe lilikuwa la zamani, la enzi za mashamba ya mkonge, wafanyakazi walipokuwa wakihimizwa kuweka fedha benki. Mwenye hoteli mmoja wa Bagamoyo alilileta litiwe fremu. Juu liliandikwa: WEWE UMEWEKA NINI? Na Mtoro, fundi hodari ila mdomo wake hauna breki, jana alilijibu kwa mzaha: "Mie sina kitu. Niwekee huyo aliyemo tumboni mwa mke wangu."

Mchana mkewe, Kibibi, alipiga simu. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na mtoto hajacheza tangu jana. Hospitali walisikia moyo, lakini kwa mbali sana, wakamwambia arudi kesho. Mtoro alikata simu jasho likimtoka. Karakana ilinuka kafuri, harufu ya maiti anayeoshwa, na haikutoka kwenye gundi wala rangi, ilitoka ukutani, na alipoisogelea ile picha akasikia kitu kikigonga ndani ya kisanduku, kikitulia, kikigonga tena, akaweka kiganja juu ya karatasi kama alivyozoea kukiweka juu ya tumbo la mkewe, na karatasi ikampiga teke.

Alimfuata Bi Mwaija wa Mlingotini, shangazi wa Kibibi, anayejua kusema na majini. Bibi alifukiza udi mlangoni mwa karakana, akamhoji mpaka akaueleza ule mzaha, macho chini kwa aibu.

"Hakuiba huyu aliyemo bangoni, mwanangu," alinong'ona. "Umeweka mwenyewe, katoe mwenyewe, kwa kinywa hicho hicho."

Mtoro aliingia peke yake. Alisema amekuja kumchukua mwanawe. Kisha, kwa woga wa kupunjwa, akaongeza: "Nipe chote kilicho changu."

Simu ikalia. Kibibi alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Mtoto amempiga teke la mbavuni. Bango walilichoma siku ile ile, na mwenye hoteli akaambiwa limeliwa na mchwa.

Wiki nne baadaye Kibibi alijifungua. Mara mbili alikuwa amepigwa picha ya tumbo, na mara zote mtoto alionekana mmoja. Muuguzi alitoka ameduwaa, akampa Mtoro hongera ya mapacha.

Bi Mwaija alimvuta pembeni, akamuuliza alitamka maneno gani kule ndani. Mtoro akamwambia.

"Basi amekulipa akiba yako na faida juu," alisema bibi kwa sauti ya chini.

Wodini, mtoto wa kwanza alikuwa akilia mpaka sauti inakauka. Wa pili hakulia. Alikuwa macho, anamtazama Mtoro usoni bila kupepesa. Mtoro alitaka kusema, ulimi ukamgomea. Kibibi, ambaye hakujua lolote, alikuwa ameshampakata huyo wa pili.

"Mwangalie alivyo mpole," alisema, akimpa ziwa. "Wacha anyonye kwanza huyu. Mwenzake atasubiri."